Mtoto Husema kwa Mchezo: Ushauri Nasaha wa Mtandaoni na Kazi Inayobaki kwa Mzazi

Mtoto wa miaka mitano hawezi kuketi kitini akamweleza mtu mzima kwamba tangu babu yake alipozikwa hapati usingizi. Hana maneno hayo. Atakachofanya ni kukojoa kitandani ilhali alikuwa ameshaacha, au kumng'ang'ania mamake kila asubuhi wakifika langoni pa shule. Pengine atamchimbia mwanasesere wake shimo, amfukie, amfukue, kisha amfukie tena. Mtu mzima asiyejua atamkanya kwa kuchezea mambo ya msiba. Mshauri nasaha aliyefunzwa kazi ya watoto atakaa kando atazame, kwa sababu mtoto ameanza kusema.

Katika Kaunti ya Kilifi, kikwazo cha kwanza kwa familia nyingi ni kumfikia mshauri huyo. Mzazi wa Bamba, Marafa au Adu anayetaka mtoto wake aonwe mjini hulipa nauli ya watu wawili, hupoteza siku nzima ya kazi, na mtoto hukosa shule. Tiba ya aina hii haimalizwi kwa ziara moja, kwa hivyo gharama hiyo hujirudia kila wiki. Ushauri nasaha kwa njia ya simu na mtandao unaweza kupunguza safari hizo.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo mzazi anafaa kulijua mapema. Kwa mtoto mdogo, simu peke yake haitibu. Sehemu kubwa ya kazi hufanywa na mzazi anayeketi na mtoto mkekani, huku mshauri akimwongoza kutoka upande wa pili. Makala haya yanaeleza jinsi huduma hiyo inavyofanya kazi, nani anayefaa kuitoa, na ni wakati gani mzazi anapaswa kuiweka simu kando na kumpeleka mtoto hospitalini au kwa afisa wa watoto.

Dalili zinazofanana na utundu

Mtoto aliyeumia moyoni mara nyingi huonekana mtundu au mvivu. Anaweza kupigana na wenzake, kuvunja vitu, kukataa kula, kunyonya kidole kama mtoto mchanga, kushtuka usiku, au kunyamaza kabisa. Mwingine hulalamika tumbo au kichwa kila siku ya shule, na siku ya Jumamosi yu mzima. Alama zake darasani hushuka bila sababu inayoonekana.

Mambo yanayoleta hali hii yanajulikana katika nyumba zetu: kifo cha mzazi au ndugu, wazazi kutengana, mama kwenda kufanya kazi Uarabuni na kumwachia nyanya watoto, njaa ya kiangazi, mafuriko yaliyobeba nyumba, ajali ya barabarani, ugomvi wa kila usiku, au dhuluma ambayo mtoto ametishwa asiitaje.

Dalili moja kwa siku moja haimaanishi ugonjwa. Kila mtoto hununa na kila mtoto hugombana. Mzazi aanze kuwa na wasiwasi hali inapodumu kwa wiki kadhaa, au inapomzuia mtoto kula, kulala, kusoma na kucheza. Kucheza kumetajwa kwa makusudi, kwa sababu mtoto aliyeacha kabisa kucheza anahitaji kuangaliwa upesi.

Hatua ya kwanza ni zahanati au kituo cha afya. Kukojoa kitandani kunaweza kutokana na maambukizi ya njia ya mkojo. Maumivu ya tumbo yanaweza kuwa minyoo. Mtoto anayeduwaa ghafla darasani na kuonekana hasikii anaweza kuwa na aina ya kifafa, na kifafa kina dawa. Ushauri nasaha huanza vyema mtoto akishapimwa mwili.

Kiboko hakisaidii hapa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya viboko shuleni, na nyumbani pia matokeo yake kwa mtoto wa namna hii ni mabaya. Akipigwa kwa sababu ya kukojoa kitandani, hujifunza kuficha shuka. Mzazi naye hupoteza alama iliyokuwa ikimwonyesha kwamba kuna tatizo.

Vipi kuhusu maombi? Familia nyingi humpeleka mtoto kwanza kwa mchungaji, imamu au mzee. Dua na sala zinaweza kuenda sambamba na ushauri nasaha, wala mshauri mzuri hatamwambia mzazi aache imani yake. Lakini tiba yoyote inayotaka mtoto afungiwe, apigwe, achomwe au anyimwe chakula ni dhuluma mbele ya sheria, hata anayeitoa awe nani. Kaunti hii ina kumbukumbu chungu. Mwaka 2023 zaidi ya miili 400, ikiwemo ya watoto, ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, na miongoni mwa misaada iliyohitajika mara moja na familia zilizofika Malindi kutafuta jamaa zao ni ushauri nasaha.

Tiba ya mchezo ni nini

Tiba ya mchezo ni ushauri nasaha ambao mtoto hutumia vitu vya kuchezea pale ambapo mtu mzima angetumia maneno. Hutumiwa zaidi kwa watoto wa kati ya miaka 3 na 12. Mtoto huingia katika chumba chenye wanasesere, vyombo vidogo vya jikoni, magari, wanyama, mchanga, udongo na rangi. Mshauri hamwamuru acheze nini. Humfuata, humtajia anachokiona na hisia anazozitambua, na humwekea mipaka michache ya usalama.

Njia hii ina historia ndefu. Mwishoni mwa miaka ya 1920, daktari Margaret Lowenfeld alifungua kliniki ya watoto mjini London na kuwapa sinia za mchanga na vitu vidogovidogo wajenge dunia zao. Nchini Marekani, Virginia Axline alichapisha mwaka 1947 kitabu kilichoeleza kanuni za kumwacha mtoto aongoze mchezo wake mwenyewe. Kanuni hizo bado zinafundishwa.

Mchezo husaidia kwa njia tatu. Kwanza, mtoto huweza kuonyesha jambo bila kulitamka. Aliyeona nyumba ikibebwa na maji anaweza kuijenga kwa udongo na kuimwagia maji mara kumi. Pili, katika mchezo mtoto ndiye mwenye uwezo. Siku ya mafuriko hakuweza kufanya lolote, lakini mkekani anaweza kuleta mashua akawaokoa wote. Tatu, anafanya hayo yote mbele ya mtu mzima ambaye hamcheki, hamkaripii wala hamkimbii. Baada ya muda, hofu ambayo amekuwa akiibeba peke yake hupungua.

Lugha nayo huwa kikwazo kidogo. Mtoto anayezungumza Kigiriama au Kichonyi nyumbani na ambaye Kiswahili chake bado ni kichanga anaweza kucheza kikamilifu hata kama mshauri ametoka kwingine, mradi mzazi yupo kumweleza mshauri maneno machache yanayohitajika.

Kuna onyo ambalo wazazi na walimu wanafaa kulikumbuka. Mchoro mmoja au mchezo mmoja si ushahidi. Mtoto aliyechora mtu bila mikono huenda alichoka kuchora. Mshauri aliyefunzwa hutafuta yanayojirudia wiki baada ya wiki, na huyalinganisha na maelezo ya nyumbani na shuleni kabla ya kusema lolote.

Mchezo utawezaje kupita kwenye simu?

Shule za Kenya zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na wanafunzi wengi wakakaa nyumbani hadi Januari 2021, washauri nasaha hapa nchini na kwingineko duniani walilazimika kuendelea na kazi kwa simu. Kwa vijana na watu wazima, mazungumzo ya video yaliwezekana. Kwa watoto wadogo ilikuwa vigumu. Mtoto wa miaka minne huinuka, hujificha nyuma ya mlango, huigeuza simu, au hubonyeza kitufe na kukata.

Jibu moja lilikuwa limekuwepo tangu miaka ya 1960, wakati Bernard na Louise Guerney wa Marekani walipoanza kuwafundisha wazazi wenyewe kuendesha vipindi vya mchezo na watoto wao chini ya usimamizi wa mtaalamu. Baadaye Garry Landreth na Sue Bratton waliipanga njia hiyo kuwa mafunzo ya wiki 10: wazazi hukutana na mtaalamu saa mbili kila wiki, na kila mmoja hucheza na mtoto wake nusu saa kwa wiki nyumbani.

Mwaka 2005, Bratton na wenzake walichapisha uchambuzi uliounganisha tafiti 93 kuhusu tiba ya mchezo. Watoto waliopata tiba hiyo walionyesha nafuu, na nafuu ilikuwa kubwa zaidi pale mzazi aliyefunzwa na kusimamiwa ndiye aliyecheza na mtoto. Hiyo ndiyo sababu huduma ya mtandaoni inayomhusisha mzazi ina maana hata mahali ambapo hakuna chumba maalum wala vitu vya dukani.

Kwa kawaida kazi huenda hivi. Kikao cha kwanza ni cha wazazi peke yao, bila mtoto. Mshauri huuliza kuhusu ujauzito na kuzaliwa kwa mtoto, magonjwa, nani anaishi nyumbani, nini kimebadilika, na shule inasemaje. Kikao cha pili ni cha kuandaa mahali na vitu vya kuchezea, na mzazi hufundishwa namna ya kucheza. Kisha vipindi vyenyewe huanza. Simu huegemezwa kwenye kiti au ukutani, kamera ikielekea mkekani, mzazi na mtoto wakicheza na mshauri akitazama kimya. Mwisho, mtoto huondoka na mshauri huzungumza na mzazi kuhusu alichokiona.

Video hula bando, na yapo maeneo mengi ya kaunti ambako mtandao hukatika. Kwa hali hiyo, kipindi cha mchezo kinaweza kufanyika bila simu kabisa. Mzazi hucheza na mtoto, huandika au hukumbuka mambo matatu au manne aliyoyaona, kisha humpigia mshauri baadaye kwa simu ya kawaida. Hata kabambe inatosha. Mzazi amuulize mshauri mapema kama anakubali kufanya kazi hivyo.

Vijana wa miaka 13 na zaidi huhitaji utaratibu tofauti. Wengi wao hutaka kuzungumza, na hutaka kuzungumza bila mzazi kusikiliza. Mzazi hutoa idhini na hukutana na mshauri kando, lakini kikao chenyewe humwachia kijana.

Nusu saa ya mkekani

Mtoto aliyepitia jambo zito anahitaji mshauri wa kuongoza kazi hii. Hata hivyo, mzazi yeyote anaweza kuanza kuzoea namna hii ya kucheza, kwani haimdhuru mtoto asiye na tatizo.

Chagua siku moja ya wiki na saa ileile. Awe mtoto mmoja tu. Ndugu zake wakae na mtu mwingine, na simu izimwe au isiguswe.

Weka vitu vya kuchezea katika kikapu au boksi vinavyotolewa wakati huo tu. Wataalamu huvigawa katika mafungu matatu. La kwanza ni vitu vya maisha ya kila siku: sufuria ndogo, wanasesere wa magunzi au vitambaa wanaotosha kuwa familia, gari la mkebe, bomba la sindano lisilo na sindano. La pili ni vitu vya kutolea hasira na hofu: mamba, simba au nyoka wa udongo, na mto wa kupigwa. La tatu ni vitu vya kubuni: udongo, mchanga katika sinia, vifuu, vizibo, karatasi na kreyoni. Hakuna haja ya kununua vya bei.

Mwambie mtoto kwamba kwa nusu saa hii anaweza kucheza na vitu hivi kwa njia nyingi anazozitaka. Kisha mfuate. Hapa ndipo wazazi wengi hupata taabu, kwa sababu tumezoea kufundisha. Usiulize maswali, usimsahihishe, usimwonyeshe namna bora ya kujenga. Taja unachokiona: "Umemweka mtoto nje, na mlango umefungwa." Taja hisia: "Huyu simba amekasirika sana." Mtoto akiona kwamba unamfuata na huna haraka, ataendelea.

Akivuka mpaka, tumia hatua tatu: kubali hisia yake, taja mpaka, mpe njia nyingine. Kwa mfano, mtoto akiinua mkono kukupiga: "Naona umenikasirikia. Mama hapigwi. Unaweza kuupiga mto ule." Sauti ibaki ya kawaida. Kwa wengi wetu hili ni gumu kuliko kumchapa, na ndilo jambo ambalo mshauri hutumia muda mwingi kulifanyia mazoezi na mzazi.

Zikibaki dakika tano, mjulishe. Muda ukiisha, simameni, hata kama analia. Nusu saa hii isitumiwe kama zawadi ya tabia njema, wala isiondolewe kama adhabu. Mtoto aliyekosea wiki hiyo ndiye anayeihitaji zaidi.

Baada ya hapo, usimuulize mtoto alimaanisha nini, wala usimsimulie jirani. Mambo ya mkekani ni ya mtoto, mzazi na mshauri.

Nyumba isiyo salama

Hatari kubwa ya ushauri nasaha wa mtandaoni ni kwamba mtoto huzungumza akiwa nyumbani, na huenda nyumbani ndiko anakoumizwa. Mtoto hawezi kusema juu ya mjomba ambaye yuko chumba cha pili, au ambaye ndiye mwenye simu inayotumika.

Mshauri makini huanza kila kikao kwa maswali machache: mko wapi sasa, nani mwingine yuko karibu, nipige namba gani laini ikikatika, na kituo cha afya kilicho karibu ni kipi. Hukubaliana pia na mzazi au kijana juu ya neno au ishara ya kumaanisha kwamba mtu ameingia na mazungumzo yabadilishwe. Mshauri asiyeuliza lolote kati ya haya hajajiandaa kufanya kazi hii kwa simu.

Ikiwa kuna shaka kwamba mtu wa nyumbani anamdhulumu mtoto, vikao visifanyike kutoka nyumba hiyo. Mzazi au mlezi atafute mahali pengine: chumba cha ushauri shuleni, kituo cha afya, au ofisi ya watoto ya kaunti ndogo.

Mtoto akitaja dhuluma, mzazi amsikilize na kumwambia amefanya vyema kusema. Asimhoji kwa maswali mengi, kwa sababu kuhojiwa mara kwa mara humwumiza na huweza kuvuruga ushahidi. Asimwahidi kwamba itabaki siri. Kama ni dhuluma ya kingono, asimwoshe wala asifue nguo alizovaa, bali ampeleke hospitalini mara moja, kwani dawa za kuzuia HIV lazima zianzwe ndani ya saa 72. Makosa haya yanashughulikiwa na Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Hayamalizwi kwa kikao cha wazee wala kwa mbuzi na shilingi.

Usiri wa mshauri una mpaka wake hapo. Anatakiwa kumweleza mzazi na mtoto tangu siku ya kwanza kwamba atanyamazia mengi, lakini hatanyamaza ikiwa mtoto yuko hatarini.

Kuhusu picha na rekodi, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kukusanywa na kutumiwa. Mzazi ana haki ya kuuliza kama kikao kinarekodiwa, kitahifadhiwa wapi, na kitafutwa lini. Asiporidhika, akatae kurekodiwa. Naye mzazi asirekodi kikao cha mtoto na kukituma kwenye kundi la WhatsApp la familia.

Kumtambua mshauri wa kweli

Nchini Kenya, kazi ya ushauri nasaha na saikolojia inasimamiwa na Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014, iliyounda bodi ya kusajili wanaoifanya. Mzazi ana haki ya kuuliza namba ya usajili, na mtaalamu wa kweli hakasiriki akiulizwa.

Maswali mengine ya kuuliza kabla ya kulipa ni haya: Umefunzwa tiba ya mchezo, au ushauri wa jumla tu? Umeshafanya kazi na watoto wa umri huu? Nani anayesimamia kazi yako? Mwanangu akisema anaumizwa, utafanya nini? Kila kikao ni pesa ngapi, na laini ikikatika katikati nitalipa vipi?

Ondoka haraka ukikutana na mtu anayetaka kuzungumza na mtoto mdogo kwa siri bila wewe kujua, anayeomba picha za mtoto, anayeahidi kumponya kwa siku moja, au anayeuza dawa kwa simu. Sheria ya Watoto ya 2022 inataja pia dhuluma zinazofanywa kupitia mtandao, na mtu anayejiita mshauri hana msamaha.

Programu za simu zinazojibu maswali zenyewe zinaweza kumpa mzazi maarifa ya jumla. Si mshauri nasaha, hazimwoni mtoto, na haziwezi kumpigia mtu simu usiku mtoto akiwa hatarini.

Wakati simu haitoshi

Mpeleke mtoto hospitalini ana kwa ana, bila kungoja kikao, ikiwa amesema anataka kufa au amejaribu kujidhuru, ikiwa anapatwa na degedege au kifafa, ikiwa anasikia au kuona vitu wasivyoviona wengine, ikiwa amekataa chakula na maji, au ikiwa amepigwa au kudhulumiwa. Kijana anayesema anataka kufa asiachwe peke yake, na dawa za shamba, dawa nyingine na vitu vyenye makali viondolewe karibu naye.

Pa kuanzia

Mkaazi asiye na simu janja wala pesa za mshauri wa binafsi ana milango kadhaa ya kubisha.

Zahanati au kituo cha afya. Huduma za afya ni jukumu la serikali ya kaunti chini ya Katiba ya 2010, na marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yalizipa kaunti wajibu katika afya ya akili. Mzazi aeleze dalili na aombe rufaa ya kuonwa na mhudumu wa afya ya akili. Aulize pia ni huduma zipi zinazogharamiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea nyumba za kijijini anaweza kumwelekeza.

Shule. Mwalimu wa ushauri na uelekezi humwona mtoto kila siku na anaweza kuthibitisha kama dalili zinazoonekana nyumbani zinaonekana pia darasani.

Ofisi ya watoto ya kaunti ndogo. Maafisa wa watoto ni wa serikali ya kitaifa. Hushughulikia dhuluma, kutelekezwa, na migogoro ya malezi. Chifu au mzee wa mtaa atamwonyesha mkaazi ofisi ilipo.

Simu zisizolipishwa. Namba 116 ni ya kuwasaidia watoto na hupokewa saa 24. Mtoto mwenyewe anaweza kuipiga, na mtu mzima aliyemwona mtoto akiteswa anaweza pia. Namba 1195 ni ya dhuluma za kijinsia. Namba 1199 ni ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, na hutoa ushauri wa kisaikolojia kwa simu. Kwa hatari ya papo hapo, polisi wanapatikana kwa 999 au 112.

Mzazi anayeanza safari hii ajipe muda. Tiba ya mchezo hupimwa kwa wiki na miezi, na katika wiki za mwanzo mtoto anaweza kulia au kukasirika zaidi kuliko awali, kwa kuwa sasa ameruhusiwa kuonyesha alichokificha. Mabadiliko yatazamwe katika mambo madogo: amelala usiku mzima mara ngapi wiki hii, ameingia darasani bila kulia, amecheza kombolela na wenzake. Mzazi ayaandike mambo hayo kwenye daftari tangu wiki ya kwanza. Ndiyo taarifa ya kwanza ambayo mshauri, awe kwenye simu au hospitalini, atamwomba.